Chatu ndani ya sanduku: Nani ampimie kiumbe haja zake?

BAADA ya mafuriko ya mwaka 2024 kule Rufiji na Kibiti, kijana mmoja niliyewahi kumfundisha Elimu ya Dini ya Kiislamu alinipigia simu kutoka Mbagala. Tulipomaliza salamu akasema: "Ustadh, nina swali la fiqhi, lakini naomba usinicheke." Nikamwambia katika elimu hakuna kuchekana. Akasema: "Nimefuga chatu. Je, inafaa?"

Sikucheka, ila nilinyamaza kidogo. Akanieleza kisa chake. Maji yalipojaa alikwenda kwao, kijiji kimoja cha Kibiti upande wa delta, kuwasaidia wazee kuhamisha vitu. Huko akamkuta chatu mdogo, urefu wake kama hatua moja ya mtu mzima, amejiviringisha kwenye panda la mwembe na maji yamezunguka shina. Watu wakachukua mapanga. Yeye akaona huruma, akamtia kwenye gunia, akaja naye Dar es Salaam. Tangu siku ile yule chatu yumo chumbani kwake, ndani ya sanduku la mbao lililokuwa la sabuni. Urefu wa sanduku hauzidi mkono mmoja, na kimo chake ni shibiri moja na nusu. Panya anampa kila wiki, na maji yapo.

"Ila, Ustadh, usiku hatulii," akasema. "Anapanda kwenye kona, anasukuma kifuniko kwa pua mpaka pua imechubuka inatoa damu. Rafiki yangu mmoja anayejijua kwa mambo ya nyoka ameniambia nisihangaike. Chatu ni nyoka wa chini, hana haja ya kupanda. Sanduku linamtosha. Atazoea."

Neno hilo "atazoea" nimekaa nalo muda mrefu, na ndilo lililonifanya niandike makala haya.

Najua wako wasomaji ambao wameshatoa hukumu kabla ya kufika hapa. Nyoka ni wa kuuawa, basi, tunazungumza nini? Naam, sipingi kwamba nyoka mwenye madhara huuawa. Hadithi zipo, na miongoni mwake ipo inayoruhusu kumuua nyoka na nge hata mtu akiwa ndani ya Sala. Swila aliyeingia chumba wanacholala watoto si mahali pa kutafutia falsafa. Tena mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliweka kuumwa na nyoka katika orodha ya maradhi yaliyosahaulika, na sisi wa mikoa ya pwani hatuhitaji kuambiwa na shirika lolote kwamba mkulima anayeingia shambani pekupeku alfajiri yuko hatarini.

Lakini swali la kijana halikuwa hilo. Hakuuliza kama anaweza kumuua nyoka aliyemtishia. Aliuliza kuhusu nyoka ambaye ameshamshika, ameshamfungia, na ambaye hawezi tena kumdhuru mtu yeyote maadamu kifuniko kimefungwa. Hayo ni mambo mawili mbalimbali. Sheria iliyoruhusu kuua kwa ajili ya kuondoa madhara ndiyo hiyo hiyo iliyoamuru, katika Hadithi ya Shaddad bin Aws (RA) iliyopokewa na Imam Muslim, kwamba hata unapoua, uue kwa wema, na kisu kinolewe. Ruhusa ya kuua haikuja na ruhusa ya kutesa.

Kuna kisa ambacho wengi tunakipita haraka tunapokisoma. Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Abdullah bin Mas'ud (RA) kwamba walikuwa na Mtume (SAW) katika pango pale Mina, Surat al-Mursalat ikiwa ndiyo kwanza inateremka, mara akatokea nyoka. Mtume (SAW) akaamuru auawe, Maswahaba wakamkimbilia, lakini nyoka akawatangulia akapotea. Mtume (SAW) akawaambia kwa maana kwamba nyoka yule amekingwa na shari yao kama wao walivyokingwa na shari yake. Tazama neno lililotumika. Ni shari kwa pande zote mbili. Kitendo kilikuwa cha halali, kimeamriwa, na bado kwa upande wa nyoka kimeitwa shari. Mimi nafahamu hapo kwamba nyoka ana upande wake katika jambo hili, na Mtume (SAW) aliuona.

Kabla sijaendelea niondoe jambo moja njiani. Wapo watu katika nchi hii wanaofuga chatu kwa kuamini kwamba atawaletea mali, humlisha kwa masharti na kumfichia chumba chake. Huyo swali lake si la ufugaji, ni la Tawhid, na jibu lake linajulikana. Kijana wangu hakuwa na hayo, alhamdulillah. Alikuwa na huruma tu, na huruma bila elimu ndiyo iliyompeleka kwenye lile sanduku.

Sasa turudi kwa yule rafiki na kauli yake kwamba chatu ni "nyoka wa chini". Katika Surat an-Nur, aya ya 45, Mwenyezi Mungu (SW) anatueleza kwamba ameumba kila mnyama kutokana na maji, na kwamba wako wanaokwenda kwa matumbo, wako wa miguu miwili na wako wa miguu minne, na Yeye huumba apendacho. Aya imetaja namna kiumbe anavyokwenda. Haikumwekea mpaka wa kule aendako. Mpaka huo tumeuweka sisi, kwa sababu tunapenda kila kitu kiwe na kasha lake. Koboko wa kijani tunamkuta kwenye miembe na minazi, tukamwita wa juu. Kifutu, ambaye kwa watu wengine wa pwani ni bafe, tunamkuta amelala njiani kama kipande cha kamba iliyooza, tukamwita wa chini. Tukishampa jina, tunadhani tumemaliza kumjua.

Watu wa delta hawana uhakika huo. Delta ya Rufiji ina mikoko ya zaidi ya hekta 50,000, na inahesabiwa kuwa ndiyo msitu mkubwa wa mikoko kuliko yote Afrika Mashariki. Nchi yenyewe haijaamua kama ni bara au ni bahari. Maji ya chumvi yanapanda na kushuka mara mbili kwa siku, na maji ya mto yanakuja kwa msimu. Ukitoka barabara ya Kilwa ukashika njia ya Nyamisati, kunakopandiwa vyombo vya kwenda Mafia, unaona ardhi inavyozidi kulainika mpaka inakuwa tope, kisha maji. Katika nchi kama hiyo kiumbe asiyejua kupanda anakufa.

Mzee mmoja wa upande wa Muhoro alinisimulia alivyokesha juu ya paa usiku wa mafuriko ya 2024. Kulipopambazuka akamwona kifutu kwenye mwisho wa pili wa mgongo wa paa, amejilaza juu ya makuti. "Shikamoo mzee, ukafanya nini?" nikamuuliza. Akasema: "Marahaba. Sikufanya kitu. Na yeye hakufanya kitu. Kila mtu alikuwa na lake." Kifutu ni mzito, mnene, na mvivu kwa macho ya watu. Lakini huogelea vizuri, na wanaofuatilia maisha ya nyoka wa Afrika wamekwisha kumwona akipanda vichaka vifupi kuota jua bila hata kuwapo mafuriko.

Hebu tujiulize hivi. Wakulima wa mpunga wa Rufiji hujenga madungu, vibanda vya juu ya nguzo ndefu, wakalala humo kulinda mashamba na kukwepa maji. Mgeni akipita msimu wa mpunga akamwona Mndengereko ameketi juu kabisa anakula, ataandika kwenye daftari lake kwamba watu hawa ni wa juu. Akipita kiangazi akamwona kwenye mkeka chini ya mkorosho, ataandika kwamba ni wa chini. Wote wawili wameandika walichokiona, na wote wawili wamekosea. Mtu yule si wa juu wala wa chini, bali ana haja zinazomfanya apande na haja zinazomfanya ashuke.

Na ndivyo alivyo chatu. Chatu wetu wa nchi za kusini na mashariki mwa Afrika, akiwa mdogo hupanda miti kwa wepesi, huko hujificha na huko huwinda ndege. Akishakuwa mkubwa na mzito, wa mita tatu au nne, muda mwingi hukaa chini, karibu na maji au ndani ya mashimo yaliyochimbwa na wanyama wengine. Kwa hiyo hata lile jina la "nyoka wa chini" linamfaa katika umri fulani tu, na yule wa Mbagala hakuwa katika umri huo. Alikamatwa juu ya mti! Mtu amemtoa kiumbe kwenye panda la mwembe kwa mkono wake mwenyewe, kisha akakubali kuambiwa kwamba kiumbe huyo hapandi.

Kosa hili si la Mbagala peke yake. Yupo chatu mdogo wa Afrika Magharibi, ambaye akiogopa hujikunja akawa kama mpira na kuficha kichwa katikati. Kwa miaka mingi amechukuliwa kwa wingi kutoka Ghana, Togo na Benin kwenda kufugwa Ulaya na Marekani. Wafugaji wengi huko humweka katika makasha ya plastiki yanayosukumwa kwenye shelfu kama droo za nguo, na hoja yao ni hiyo hiyo, kwamba ni nyoka wa ardhini na wa mashimo, juu hapamhusu. Mwaka 1998 watafiti Luca Luiselli na Francesco Angelici walichapisha matokeo ya kuwachunguza chatu hao katika misitu ya kusini mashariki mwa Nigeria. Wakaona madume na wale wadogo wanakula ndege kwa wingi, na majike makubwa wanakula zaidi wanyama kama panya, na tofauti hiyo wakaifungamanisha na kupanda miti kwa madume. Ndege hawamfuati nyoka shimoni. Anayekula ndege amepanda.

Kuna jambo jingine linalohitaji kufahamika. Mwili wa nyoka hauna tanuri la ndani kama wetu. Joto lake linatoka nje. Akitaka kupata joto aende penye jua, akitaka kupoa aende kivulini, na baada ya kula anahitaji joto ili chakula kisage tumboni. Kwa hiyo kwake kusogea si matembezi ya starehe. Kupanda, kushuka, kujinyoosha na kujificha ndiko kunakomwezesha kuuendesha mwili wake. Sanduku lenye joto la aina moja pande zote ni kama kumfungia mtu chumba kisicho na shuka wala dirisha, ukamwambia achague mwenyewe kati ya baridi na joto.

Hapa nataka nimfanyie insafu yule rafiki mjuaji. Si kila kupanda ni furaha. Nyoka anayezunguka kona za kizimba usiku kucha akisukuma kifuniko, mara nyingi anatafuta pa kutokea, au amezidiwa na joto, au ana njaa. Kumwekea tawi tu hakutatibu hilo. Na nyoka mkubwa, mzito, akiwekewa kizimba kirefu cha kwenda juu chenye vijiti vyembamba, anaweza kuanguka akaumia. Wenye idhini ya kutunza nyoka, kama bustani za wanyama na vituo vya utafiti, wanajua kwamba kizimba kinatakiwa kiwe na urefu wa kumwezesha nyoka kujinyoosha, tawi nene lililofungwa imara kwa kimo anachokiweza, upande wa joto na upande wa baridi, mahali pa giza pa kujificha, chombo cha maji anachoenea, na mlango usiofunguka kwa kusukumwa. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lincoln, Uingereza, walichapisha jaribio walilofanya kwa aina moja ya nyoka wa Marekani wanaofugwa sana. Waliowekwa kwenye kizimba kikubwa walijishughulisha zaidi, na walipopewa nafasi ya kuchagua, walielekea kwenye kikubwa. Bila shaka kuna atakayesema jambo hili halikuhitaji chuo kikuu. Pengine. Lakini "anayejua" amekuwa akisema kinyume chake miaka yote hii.

Sasa tuingie kwenye sheria yetu, maana kijana aliuliza fiqhi.

Kila mtu anaijua Hadithi ya mwanamke aliyeingia Motoni kwa sababu ya paka. Alimfungia, hakumlisha, wala hakumwacha ajitafutie vijidudu vya ardhini. Baadhi ya wanazuoni, akiwemo al-Qurtubi, wamefahamu katika Hadithi hii kwamba kumfuga paka na kumfunga kunajuzu iwapo hakutelekezwa bila chakula na maji. Na upo ushahidi mwingine wa kujuzu, nao ni yule ndege wa mtoto Abu Umayr (RA), mdogo wake Anas bin Malik (RA). Mtume (SAW) alimwona akimchezea wala hakukataza, na ndege alipokufa alimtania kwa upole ili kumliwaza. Kwa hiyo asije mtu akachupa mipaka akasema kufuga kiumbe chochote kizimbani ni haramu. Dini haikusema hivyo.

Lakini je, chakula na maji ndiyo mwisho wa hesabu? Imam al-Qaffal, katika wanazuoni wakubwa wa madhehebu ya Shafi ambayo ndiyo madhehebu ya pwani yetu, aliulizwa kuhusu kuwafungia ndege ndani ya matundu ili kusikiliza sauti zao. Akajibu kwamba inajuzu iwapo mwenye ndege atawatimizia wanachokihitaji. Jibu hili limenukuliwa katika vitabu vya madhehebu na limekuwa tegemeo la wafugaji kwa karne nyingi. Nawaomba wasomaji walitazame sharti lake. Hakusema chakula. Alisema wanachokihitaji, yaani haja zao.

Wanafunzi wa usuli wanajua kwamba wanazuoni wamepanga maslahi katika daraja tatu: dharura, ambayo bila yake uhai unaondoka, haja, ambayo bila yake uhai unabaki lakini katika dhiki na uzito, na mapambo yanayokamilisha uzuri. Kipimo hicho kimewekwa kwa ajili ya binadamu, nami sidai kwamba wametangulia wanazuoni kukipima kwa nyoka. Ila kinasaidia kufikiri. Panya na maji ni dharura ya chatu, bila hivyo anakufa. Kupata mahali pa kujinyoosha, kupanda, kuota joto na kujificha ni haja, kwa sababu bila hayo anaishi, lakini anaishi akichubua pua. Na sharti la al-Qaffal halikuishia kwenye dharura.

Al-Izz bin Abdus-Salam, aliyefariki mwaka 660 Hijria, katika kitabu chake cha kanuni za hukumu alitaja haki za wanyama juu ya binadamu. Akataja kuwahudumia hata wakizeeka au wakiugua kiasi cha kutokuwa na faida tena, kutowabebesha wasichokiweza, kutowachanganya na kile kitakachowadhuru, na kupatengeneza vizuri mahali pao pa kupumzikia. Hilo la mwisho tunalisahau. Mwanachuoni wa karne ya saba Hijria aliona kwamba malazi ya mnyama ni haki na si hisani, nasi tunabishana kama kifuniko cha shibiri moja na nusu kinatosha.

Nani basi atakayesema haja ya kiumbe ni ipi? Hapo ndipo penye uzito. Binadamu akidhulumiwa anaweza kusema. Mnyama hasemi, isipokuwa kwa muujiza kama wa yule ngamia wa bustani ya Ansari, aliyemlalamikia Mtume (SAW) huku machozi yakimtoka, kama ilivyopokewa na Abu Dawud. Na malalamiko yake yalikuwa mawili: njaa na kuchoshwa. Angelishwa akashiba, bado lingebaki la pili. Sisi leo hatuna wa kututafsiria lugha ya ngamia wala ya chatu. Tunachobaki nacho ni kutazama. Tutazame anavyoishi pale ambapo hakuna mtu aliyemfungia, tutazame na mwili wake unavyotuambia. Sijui chatu anahisi nini, wala sitaki kumtungia maneno. Lakini pua iliyochubuka si maneno ya kutunga.

Na hapa ujinga una mipaka yake. Mtu aliyefuga miaka 100 iliyopita akidhani nyoka hapandi, huenda ana udhuru. Aliyemtoa mtini mwenyewe hana. Kila elimu inapoongezeka, zile "haja" za sharti la al-Qaffal zinaongezeka nazo, na dhima ya mfugaji inakua bila mtu yeyote kubadilisha sheria. Mwaka 2018 mtafiti Graham Alexander wa Afrika Kusini alichapisha matokeo ya miaka kadhaa ya kuwafuatilia chatu hawa hawa wa kusini. Jike akishataga ndani ya shimo hujizungusha kwenye mayai yake. Rangi yake hugeuka kuwa nyeusi ili ashike joto upesi, hutoka kuota jua mpaka anachemka, kisha hurudi kuyapa mayai joto lile. Anakaa miezi bila kula. Watoto wakiangua hubaki nao kama wiki mbili, mchana wanaota jua mlangoni, usiku wanarudi kulala katika mikunjo yake. Mimi niliposoma hayo nilikumbuka Hadithi ya ndege aliyechukuliwa makinda yake safarini, akawa anapigapiga mbawa juu ya watu, na Mtume (SAW) akauliza ni nani aliyemtia majonzi kwa watoto wake, akaamuru warudishwe. Siku zote nilidhani hisia kama hizo Mwenyezi Mungu (SW) amewapa ndege na wanyama wenye manyoya. Nilidhani tu, sikuwa na dalili.

Mwalimu mwenzangu, tulipokuwa tukilizungumza hili ofisini, alinikatiza: "Ustadh, watu wa Rufiji na Kibiti nyumba zao zilikwenda na maji, mashamba yamekwenda, familia zimelala madarasani, na wewe unahesabu shibiri za chatu?" Sikumjibu papo hapo, kwa sababu hoja yake ni nzito na mtu asiichukulie kuwa ya mzaha. Zaka na sadaka zetu ziende kwa watu wale kwanza. Kama kuna ubao mmoja tu, upelekwe kwenye kitanda cha mtoto, si kwenye kizimba cha nyoka.

Lakini baadaye nilifikiri. Hakuna mtoto wa Muhoro aliyekosa kitanda kwa sababu mtu wa Mbagala alimpa chatu nafasi. Na tena lile neno. Niliwasikia watu wazima, watu wa kawaida tu kwenye daladala na barazani, wakiwazungumzia waliohamishwa na maji: wale wamezoea mafuriko, wamezoea kulala juu ya madungu, watazoea na mahema. Ni neno lile lile. Aliye nje ya sanduku anampimia aliye ndani, na kipimo chake ni kwamba bado hajafa. Sisemi kwamba binadamu na nyoka ni sawa, a'udhubillah. Nasema kwamba anayesema "atazoea" ni yule yule mmoja, na ulimi ule ukishapata mazoea kwa asiyeweza kujibu, hauoni taabu kuendelea kwa maskini.

Nilimjibu kijana hivi. Kwanza, madhehebu ya Shafi hayaruhusu kuuza nyoka, kwa kuwa huhesabiwa katika vitambaavyo visivyo na manufaa ya kununuliwa, kwa hiyo asithubutu kumtafutia mnunuzi. Na biashara yenyewe ya wanyamapori hai nchi hii inaijua: Serikali ilisitisha kuwasafirisha nje mwaka 2016, na Juni 2022 ilipotangazwa kwamba itafunguliwa kwa miezi sita, makelele yakawa makubwa mpaka tangazo likasitishwa mara moja. Pili, chatu ni mnyamapori, na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 haimruhusu mtu kumweka nyumbani bila kibali. Yeye kibali hana. Huruma yake juu ya mti ilikuwa njema na nataraji ataandikiwa ujira wake. Ila huruma ile ilikwisha kazi yake pale maji yalipopungua.

Tatu nikamuuliza: je, unaweza kumtimizia anachokihitaji? Si unachokiweza wewe, anachokihitaji yeye. Akanyamaza. Akasema chumba chake ni kimoja, kitanda, jiko, na lile sanduku. Nikamwambia basi umeshajijibu mwenyewe, na usimwachie kwenye mtaro wa Mbagala kwa watu, utakuwa umemwua kwa mkono wa mwingine. Waite wanaohusika na wanyamapori.

Aliwaita, ingawa aliogopa kwamba atakamatwa. Walimhoji, wakamwonya, wakamchukua chatu. Aliniambia kwamba walipomtoa sandukuni hakufanya fujo yoyote, alijinyoosha tu kwenye mkono wa yule afisa mpaka begani, akabaki hapo.

Wiki mbili baadaye kijana akapiga simu tena. Sanduku bado analo na anataka kulirudishia sabuni za dukani kwa shangazi yake, lakini upande wa ndani wa kifuniko, kwenye kona, kuna doa la damu lililokauka. Je, ni najisi? Nikamwambia ndiyo, aioshe kona ile mpaka doa litoke.